Labeka

Hawakuvunja kioo. Hawakugusa kitasa.
Saa tisa na robo usiku, Wolverhampton, mvua ya rasharasha,
watu wawili wamejifunika kofia za majaketi.
Mmoja kasimama mlangoni petu na kisanduku kama cha viatu,
anakipitisha ukutani taratibu
kama daktari anayesikiliza kifua.
Mwenzake kashika mlango wa gari, anangoja.

Ufunguo ulikuwa umelala kwenye ndoano, kando ya makoti.
Ukasikia unaitwa.
Ukaitika: Labeka!
Gari nalo likafumbua macho, likanguruma kwa adabu,
likaenda nao.

Haya tuliyaona asubuhi
kwenye kamera ya kengele ya mlangoni,
ile tuliyoinunua kwa mkopo ili itulinde.
Iliwapiga picha safi sana.
Hata ujumbe ilinitumia: Kuna mtu mlangoni kwako.
Ujumbe ukanifikia saa mbili, napiga mswaki,
maana kuta za nyumba hizi ni matofali mawili mawili
na chumbani kwetu mtandao hufika ukichechemea.

Polisi walitupa namba ya kesi.
Baljinder wa nyumba ya pili akatupa la maana zaidi:
bati la biskuti, na karatasi ya fedha ya kuokea.
Basi ufunguo wa gari jingine, kuukuu, la deni,
unalala ndani ya bati la Krismasi
lenye picha ya farasi na theluji,
lililokuwa la sindano na uzi.
Mgeni akilifungua kwa tamaa
anakuta chuma kimevishwa sanda.

Nilipokuwa mdogo, Pangani, Mama alinikanya:
ukiitwa usiku usiitike wito wa kwanza,
wala wa pili. Ngoja ujue sauti ni ya nani.
Nikidhani ni habari za majini.
Kumbe alikuwa anasema na ufunguo,
na spika ya Shekue, inayojiunga yenyewe na televisheni ya jirani,
tukajua Bi Maureen anatazama nini saa sita usiku
(hatumwambii),
na ile kamera ya chumba cha mtoto
ambayo neno lake la siri tuliliacha kama lilivyotoka kiwandani,
moja mbili tatu nne,
hadi usiku mmoja ikageuza shingo,
ikatazama kitanda,
ikanitazama mimi.

Niliing'oa pamoja na waya wake.

Nikabadilisha maneno yote ya siri.
Sasa ni marefu, yana nyota na alama za kuuliza,
hata mimi hayanijui.
Umekosea. Jaribu tena.
Umekosea. Subiri dakika kumi na tano.
Nyumba yangu mwenyewe inanihoji
kama afisa wa uhamiaji mwenye njaa,
na wezi wanapita bila hodi.

Jumapili napanda ngazi hadi kipandio cha nane.
Hapo tu, ukikaa kiubavu, mtandao unashika.
Nampigia Mama.
Anakuja vipande vipande:
ushungi, halafu jicho, halafu ukuta wa kijani.
Anasema, habari ya —
anaganda, mdomo wazi.
Kiduara kinazunguka.
Sauti inatangulia, picha haina habari nayo:

Mwanakheri!

Mwanakheri, unanipata?

Mwana —

Naijua sauti ni ya nani.
Labeka, Mama. Labeka, nipo.
Simu nimeiinua juu ya kichwa, mkono unatetemeka,
naitika, naitika,
na chini jikoni, ndani ya bati,
ufunguo umenyamaza
kama ulivyofundishwa.