Kivumishi cha Apondi

Daftari limeachwa wazi mezani, karibu na taa:
Tumia kivumishi hiki katika sentensi nne. Goigoi.

Mwalimu Ambeyi amewaeleza, naona kwa mwandiko wa binti yangu,
kwamba neno hili halichukui kiambishi.
Mrefu, warefu, kirefu, virefu: hayo hujituma,
nomino ikiita yanabadili shati.
Hili halitoki kitandani.
Mtu goigoi. Watu goigoi.
Kijiko goigoi. Hapo amefuta hadi karatasi ikatoboka,
kwani kijiko hakina kosa,
kosa ni la mkono.

Si sawa na mvivu, ameongeza pembeni kwa penseli.
Mvivu hulala ukamwona amelala.
Goigoi yuko macho, amevaa, ana ufunguo,
anasema naja.

Sentensi ya kwanza ni ya kipa
aliyeutazama mpira ukimpita kama mgeni anayeijua njia.
Ya pili, jogoo wa jirani awikaye saa nne.
Ya tatu siielewi vizuri, ina betri ndani yake.
Ya nne naisoma nimesimama:
Mtaro wa Nyalenda umeziba kwa sababu baba ni goigoi.

Tiki nyekundu. Vizuri sana, Apondi.

Sepetu kumi na mbili za mtaa zimo stoo,
ufunguo uko hapa, una joto la paja langu
tangu Machi.
Nilikuwa nangoja barua.
Barua ilikuwa yangoja muhuri.
Muhuri sijui ulimngoja nani.
Aprili maji yakaingia kwa Min Okech,
yakatoka na sufuria, yakatoka na viatu vya shule,
yakarudi kuchukua kuku.

Sikulala usiku ule. Nataka hilo nalo liandikwe mahali.
Nilisimama mlangoni na kurunzi mpaka kukapambazuka,
nikimulika.

Chini ya ukurasa kuna mstari mtupu:
Sahihi ya mzazi.
Kalamu ninayo.
Natafuta miwani, nimeivaa.
Nje kumeanza manyunyu, si ya kutisha,
ya kugonga bati kwa ncha ya kidole tu.
Nyuma ya pazia kitanda kinalia, amegeuka.
Baba, umetia sahihi?

Naja, nasema.