Unga Kifuani

Kiswahili chetu ni bahili: neno moja, kazi tatu.
Chungu ni mdudu, chungu ni cha kupikia,
chungu ni dawa ikigusa ulimi.
Ukungu nao: ule ulioumeza Mto Wensum asubuhi hii,
na ule unaoota mkateni.
Nilimweleza haya Gwen Thirtle, akacheka mpaka miwani ikamshuka.
Nikarudi kwenye masanduku yangu.

Tisa, ya plastiki, yameungwa kwa mirija.
Nje, Norwich iko Januari, mawe ya kuta yanatoka jasho la barafu.
Ndani ya chumba hiki ni joto la Aprili kwetu, baada ya mvua,
shati linagandia mgongoni.

Kazi yangu ni majani.
Jumatatu na Alhamisi nachukua mkasi naenda kwa Bwana Larter,
ambaye ua wake wa kijani hausikii baridi.
"Hawajambo wadudu wako?"
Hawajambo, wanakusalimu.
"Bado wanakula majani yangu?"
Hawayali, Bwana Larter. Nimekwambia.
Wanayakata, wanayatafuna, wanailisha kuvu,
kisha wanakula kuvu.
Walikuwa wakulima kabla ya jembe,
kabla ya mkono wa kulishika jembe.
Hutikisa kichwa. Alhamisi atauliza tena.

Wiki ile sanduku la sita lilinuka.
Ukungu wa rangi ya chai ya maziwa
ulikuwa umepanda bustani kutoka pembeni,
kimya, kama deni.
Nilidhani nitakuta wafu.
Nikakuta kazi: huyu anang'oa, yule anabeba,
mwingine analamba kila uzi wa kuvu kama mama na uso wa mtoto,
na taka zikishuka kwenye mrija, tonge baada ya tonge.

Wengi wao walikuwa na unga kifuani.
Weupe ule wa mtu aliyeinamia chekeche siku ya harusi.
Si unga, alisema Gwen. Ni bakteria, wako hai,
wapangaji wa kwenye ngozi:
chungu huwanywesha kwa tezi zake,
wao hulipa kodi kwa sumu, na sumu hiyo humjua adui kwa jina.
Mtoto akitoka tu kwenye ganda lake laini
wakubwa humpaka,
kama unavyompaka mtoto mafuta kabla ya kumtoa nje.

Nikatazama kidole gumba changu.
Oktoba, mwiba wa ule ua ulinichoma;
mkono ukavimba mpaka kwenye kiwiko.
Kidonge cha kwanza kilipita mwilini kama mgeni asiyebisha hodi.
Cha pili vivyo hivyo.
Daktari wa zamu hakuniangalia machoni alipoandika cha tatu.
"Wamezoea," alisema. Wao, vijidudu. Dawa zetu.

Mbona hawa hawazoewi?
Miaka mamilioni, dawa ileile, adui yuleyule!
Gwen alikuwa ameshika sindano nyembamba,
anamkwangua mmoja kifuani, taratibu, pumzi ameizuia.
"Hatujui vizuri," alisema.
"Labda kwa sababu dawa yao nayo inaishi. Adui akibadilika, inabadilika."
Labda. Nililipenda neno hilo kuliko cheti chochote ukutani.

Siku ya nne nusu ya bustani ilikuwa imekwenda.
Nusu ilibaki, nyeupe, kama sifongo.
Katika kisahani cha Gwen, kuzunguka doa dogo la unga,
ukungu ulikuwa umesimama mbali,
ukiacha duara tupu ambalo hakuna aliyelichora.

Jioni nilimpigia mama.
Tena akauliza ninafanya kazi gani hasa huku.
Nachunga chungu, mama.
Kimya kidogo. Kisha kicheko, kile cha kupiga paja.
"Umepanda ndege usiku kucha
kwenda kuchunga chungu? Kisiungue?"

Ningeweza kumsahihisha.
Kidole kiliwasha pale penye kovu.
Ndiyo mama, nikasema. Kisiungue.