Vikombe Viwili

Miaka saba kiuno hiki kimeniweka rehani.
Picha za hospitali hazikuona ufa wala uvimbe,
nikahisi naitwa mwongo kwa lugha ya upole.

Eluned, mtaalamu wa viungo, hakuanza na "wapi panauma?"
Aliuliza: "Umeacha kufanya nini?"
Kujaza birika, nikasema. Kufunga kamba za viatu.
Kucheka hadi kujishika mbavu.

Nje, king'ora cha gari kikapiga yowe.
"Hakuna mwizi," akasema, "ni upepo wa Swansea tu.
Lakini kelele umezisikia, si za kubuni."
Nikalia, kwa kuaminiwa.

Sasa napanda kilima cha Townhill kwa nguzo za taa:
tatu siku njema, mguu ukitamani kumi,
tatu siku mbaya, nikimtukana Eluned kimoyomoyo.
Haraka nilishaionja baraka yake:
siku mbili kitandani.

Maumivu hayajahama.
Tumegawana chumba; yana kona yao,
dirisha ni langu.

Leo birika nimelijaza hadi mstari wa vikombe viwili.
Mgeni sina.
Cha pili
nimekinywa mwenyewe, nimesimama.