Mume wa Pili

Gereji ya Ndewirwa iko nyuma ya kinu cha zamani cha kahawa,
pale reli ya Moshi inapoota nyasi
na mbuzi wa watu hulala kati ya mataruma.
Ndani hakuna gari. Kuna masufuria mawili ya harusini,
mpira wa maji, kipimajoto kilichofungwa kamba ya kiatu,
na pipa moja la mwaloni, limelala ubavu juu ya matairi.

Miezi kumi na minne hatukuruhusiwa kuligonga.
Masika ikapita. Vumbi la Agosti likapita.
Tulizika wawili, tukaozesha mmoja,
umeme ulikatika mara zisizo na hesabu,
na Ndewirwa, aliyeosha vyombo miaka tisa Ubelgiji
katika mgahawa uliopakana na ukuta wa watawa,
alikuja kila Jumapili baada ya ibada
kuliwekea sikio kama mkunga.

Leo amefungua.

Rangi kwanza: si dhahabu, si nyeusi.
Ni mto Karanga siku mvua imenyesha huko juu.
Povu jembamba, kama lesi ya kanisani iliyofuliwa sana.
"Msinywe kama soda," anasema, "hii ni asilimia kumi na moja,"
na anatugawia kwa glasi za chai.

Nanusa: zabibu kavu, ganda la ndizi mbivu,
sukari guru iliyosahauliwa motoni,
halafu, kwa nyuma, kama mlango wa stoo ukifunguka,
moshi, vanila, ubao uliolowa.
Nameza. Inashuka polepole, imevaa viatu.
Kifuani inawasha taa, haizimi.

Namgeukia shangazi Aikaruwa.
Amekuja kutoka Uru na kata yake kikapuni,
maana glasi, anasema, ina umbea:
inasema kabla ulimi haujasema.
Miaka arobaini amepika mbege.
Ndizi zichemke mpaka ziwe nyekundu, zilale,
ulezi uote, usagwe,
msesewe upimwe kwa vidole, si kwa kijiko,
na siku yake ikifika watu wanywe, wamalize,
kwani ya kesho kutwa ni siki.
Mbege haina subira, na haijawahi kuomba radhi.

Anavuta funda. Analizungusha shavuni.
Tunasubiri kama matokeo ya darasa la saba.

"Uchungu upo. Wa nini?"
"Wa hopsi, shangazi. Ni maua."
"Msesewe wangu unauma kwa heshima zaidi."
Kimya. Funda la pili, refu.
"Na huyu mwingine humu ndani ni nani?"

Ndewirwa anaeleza: kabla ya bia, wiski,
miaka minane, ng'ambo; mti uliinywa,
na sasa unairudisha kidogo kidogo.

Shangazi anaweka kata chini.
Anacheka kile kicheko chake cha puani.
"Kumbe ni mjane. Amerithiwa.
Bwana wa pili kalala kitanda cha marehemu,
kavaa na koti lake, na nyie mnasema kapendeza!"

Hakuna anayecheka naye.
Sote tunaujua mwaka ule shemeji zake walipokuja
na mbuzi, na pombe, na maneno laini,
naye akakaza mlango kwa mchi,
akalala na mchi huo mpaka kahawa ikaiva.

"Mimi nilikataa," anasema, si kwetu, kwa pipa.
"Wewe hukuulizwa."
Anaweka kiganja juu ya ubao, pale chuma kinapokaza,
kama unavyomshika ng'ombe mgeni.

Kisha ananyoosha kata. Ijazwe.

Kibo imetoka mawinguni dakika mbili,
hakuna aliyeiangalia.
Ndewirwa anauliza, basi ni tamu au si tamu,
aiandikie bei gani.
Shangazi anapangusa mdomo kwa ncha ya khanga.

"Likichoka na bia, nipe mimi.
Nitaliweka nyumbani, chini ya mchirizi wa bati.
Mume wa tatu awe mvua.
Mvua haiachi koti."