Kupiga na Kupokea

Baba yangu hulala ameketi,
mito mitatu mgongoni,
miguu juu ya ndoo ya rangi iliyofudikizwa.
Nikimvua soksi, alama zinabaki vifundoni
kama kamba iliyokaza gunia.
Daktari wa mji wetu alisikiliza kifua,
akasikiliza tena, akaandika: moyo.
Na chini yake: bingwa. Upesi.

Upesi ilikuwa Novemba.
Tangu hapo theluji imeanguka na kuyeyuka mara mbili.

Ninacho kijitabu cha bima ya serikali,
ile ya sisi wa kipato cha chini,
chenye majina kumi na tisa ya mabingwa wa moyo
wa Ohio kusini.
Kila asubuhi, nikitoka zamu ya usiku ghalani,
naketi mezani bila kuvua koti.
Mimi napiga simu.
Yeye moyo unampiga.

Wa kwanza: tulikuwa tunaipokea bima hiyo, siku hizi hapana.
Wa pili: tunaipokea, ila si kwa mgonjwa mpya.
Nikauliza, na huyo wa zamani alianzaje?
Msichana akacheka, kisha akajutia kicheko chake.
Wa tano amestaafu, anafuga nyuki.
Wa nane ni muziki, dakika arobaini za muziki,
na sauti inayoniapia kwamba simu yangu ni ya thamani kwao.
Wa kumi na moja alifariki.
Aliyepokea ni mjane wake.
Tukazungumza kidogo kuhusu baridi.

Simu wanapokea.
Bima hawapokei.

Baba anasikia yote kutoka kitini.
Miaka thelathini na nane aliezeka nyumba za wilaya hii,
na hakumuuliza mtu, kabla ya kupanda ngazi,
pesa yako ni ya aina gani.
"Twyla," ananiambia, "piga moyo konde."
Anakohoa, anashika kifua.
"Ila usiupige huu wangu."

Wa kumi na nne alipokea mwanamume,
nyuma yake mashine inanguruma.
"Duka la matairi. Unatafuta moyo?"
Nikakosa la kusema.
"Kliniki ilihama, mwaka wa tatu huu, namba tukapewa sisi.
Kwa wiki napokea kumi, kumi na watano kama wewe.
Una bima ya serikali?"
"Ndiyo."
"Usikate."
Nikasikia spana ikiwekwa chini, viatu vikiburura sakafuni,
mtu akijisomea kwa sauti ya chini.
"Nimeandika hapa ukutani. Kila anayefanikiwa
namwomba anirudishie habari.
Szymanski, Chillicothe. Huyo alianza kukataa baada ya Pasaka, nimemfuta.
Venkataraman, Zanesville. Anapokea. Jumanne tu.
Usiseme na wa mbele, omba kuongea na Marguerite.
Mwendo wa saa mbili. Matairi yako yana hali gani?"
Nikamwambia ukweli kuhusu matairi yangu.
"Basi pita kwanza hapa."

Marguerite ana mafua na haraka.
Akataka namba ya kadi, akataka tarehe ya kuzaliwa,
akataka nitamke jina la ukoo herufi kwa herufi,
na kila herufi niliingoja iwe ile ya kutukataza.
Kisha vidole vyake kwenye kibodi.
Kisha: wiki sita.

Wiki sita si upesi.
Nimeizungushia duara kwenye kalenda ya duka la mbegu,
na usiku ghalani, kati ya sanduku na sanduku,
najikuta nikihesabu pumzi ambazo si zangu.

Nilimpigia wa matairi kumpa habari.
Hakusema mengi. Alikuwa anaandika.
Jioni nikamsimulia baba kisa chote,
ukuta, spana, Jumanne.
Akatazama dari muda mrefu, kama fundi anayekagua.
Akaniuliza jambo moja tu:
kama duka la mtu huyo, mvua ikinyesha,
linavuja.