Waya Mbili za Asubuhi Moja

Chongqing, mwezi wa tisa, joto limeganda juu ya mto.
Zimefika waya mbili kutoka Washington,
nami, Qiu Wenbo, mkalimani wa daraja la tatu,
nazigeuza kwa kalamu moja, wino mmoja.

Ya kwanza yasema: China ni taifa huru,
mambo ya nyumbani mwake ni yake.
Ya pili yasema: wasipompa mtu wetu amri ya jeshi,
fungeni petroli.

Nikamuuliza Bwana Tibbets, ipi itangulie?
Akavua miwani, akaifuta kwa tai.
"Zote," akasema. "Zote ni msimamo."
Nikaandika msimamo mara mbili.
Mara ya pili kalamu ilikwaruza.

Mwaka jana nilitafsiri pia ile sheria njema:
Wachina sasa tunaruhusiwa kuhamia kwao,
watu mia moja na watano kwa mwaka.
Mke wangu aliuliza kama si kwa siku.
Nikasoma tena. Nikakunja karatasi.

Na ndege zinavuka theluji usiku kucha,
zinakunywa pipa ili zilete pipa,
zinatua na bunduki za kumpiga Mjapani
ambazo kesho zitaelekezwa kaskazini, mapangoni,
kwa Wachina wenye njaa kama yetu.
Hilo kila mtu analijua; halina waya.

Jana barabarani niliona makuruta kumi na wawili
wamefungwa viuno kwa kamba moja,
wanakwenda kupigania uhuru.
Wa mwisho, mtoto, kandambili moja ya nyasi,
alikuwa akitafuna kitu kisichokuwapo.
Bwana Tibbets aligeuka, akapiga picha ya mto.
Si mtu mbaya. Hunipa sabuni.
Usiku huandika ripoti ndefu, za kweli,
na kweli hizo hurudi zimegongwa muhuri:
IMESOMWA.

Yuko fisi, wasema, aliyepasuka msamba njia panda.
Dola haipasuki. Dola ina miguu mingi,
kila mguu na kanuni yake,
na pale katikati panapochanika
ndipo tunapoishi sisi,
ndipo tunapopanga foleni ya mchele.

Nimemaliza. Nimeiweka ya pili juu ya ya kwanza,
kisha ya kwanza juu ya ya pili.
Tarishi anabisha hodi.
Anataka kujua ni bahasha ngapi.

Namwambia, moja.