Chupa ya Saba

Saa kumi na mbili asubuhi, Mto Kisat.
Apondi, ndani ya gambuti za kaka yake,
anageuza jiwe.

Jana, huko juu mto unakochipukia,
chini ya jiwe kama hili
alihesabu watoto wa kereng'ende kumi na tisa.
Hapa: mnyoo mwekundu. Mmoja,
amejipinda kama alama ya kuuliza.

Anajaza chupa ya saba, anaifunga,
anaandika saa, kina, joto.
Fomu haina mahali pa harufu.

Ng'ambo, Mama Aloo anasuuza sukuma wiki.
"Binti, maji yanasemaje?"

Maabara itasukuma wiki mbili ndipo ijibu;
mboga hizi, saa tatu zitakuwa Kibuye.

Apondi anavuka, jiwe mkononi.